Kompyuta Isikiayo Mkoromo Ifundishwe Usiku wa Masasi

Mtu akoromaye huchekwa, au husemwa kwamba amelala fofofo. Sayansi haikubaliani na maneno hayo. Mkoromo ni mtetemeko wa kaakaa laini na kimio pale njia ya hewa inapokuwa nyembamba. Kwa wengi haudhuru. Kwa wengine njia hiyo huziba kabisa, pumzi ikakatika kwa sekunde 10 au zaidi, mara nyingi katika usiku mmoja. Mgonjwa wa namna hiyo huamka mchovu, husinzia mchana, na aghalabu huwa na shinikizo la juu la damu.

Uchunguzi kamili wahitaji mgonjwa alale hospitali akiwa na nyaya kichwani na kifuani. Kwa sababu hiyo watafiti wamegeukia kompyuta zinazojifunza. Sauti iliyonaswa kwa simu hukatwa vipande vifupi, na binadamu hukipa kila kipande jina: mkoromo, kikohozi, mvua. Baada ya mifano mingi, kompyuta hujitungia kanuni ya kuzitenganisha. Haijui, basi, ila kile ilichoonyeshwa.

Hapo ndipo penye hoja. Mkusanyo mmoja wa mikoromo, uliotumika katika shindano la kimataifa la mwaka 2017, ulitokana na watu 219 waliochunguzwa katika hospitali za Ujerumani, wakiwa wamelazwa usingizi kwa dawa. Usiku wa Masasi si huo. Pana mvua ya masika juu ya bati, pana majogoo na mbuzi, na zaidi ya yote, aghalabu pana watu wawili, watatu au zaidi katika chumba kimoja. Dalili ya hatari katika ugonjwa huu ni ukimya unaoukata mkoromo. Ikiwa mwenzake naye anakoroma, sauti yake itaujaza ukimya huo, na kompyuta itamhesabu mgonjwa kuwa mzima.

Wala kulala pamoja si kasoro ya kuondolewa kwanza ndipo utafiti ufanyike. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti juu ya usingizi wa Wahadzabe wa kaskazini mwa Tanzania. Watu wazima 33 walivikwa vifaa vidogo vya kupima mienendo ya mwili. Katika siku 20, muda ambao wote walikuwa usingizini kwa pamoja ulikuwa dakika 18 tu. Usingizi wa binadamu hauwezi kueleweka kwa kumtazama mtu mmoja peke yake.

Wapo watakaosema kwamba wilaya yenye malaria haina nafasi ya kushughulikia mkoromo. Lakini dereva wa lori la korosho anayesinzia kati ya Masasi na Mtwara huhatarisha maisha ya wengi.

Yafaa, basi, sauti zikusanywe Masasi na Newala, kwa ridhaa ya kila alalaye chumbani, si ya mwenye simu pekee. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 huzihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti.

Shule zaweza kuanza bila kumrekodi mtu yeyote. Katika somo la mawimbi ya sauti, wanafunzi wanase mvua juu ya bati, jogoo, mbuzi na upepo, wazipe sauti hizo majina, kisha wahesabu ni mara ngapi kompyuta inazidhania kuwa mkoromo. Hesabu hiyo itawafaa watafiti wetu.