Ambreyaje ya Mafuta kwa Vespa ya Zamani

Wengine wanasema ambreyaje ya mafuta kwa Vespa ya zamani ni anasa tu. Mimi nakataa. Kwa Vespa mkono wa kushoto uko na kazi mbili: kuvuta ambreyaje, tena kuzungusha vitesi. Kabo ikikauka, ao resore zikiwa kali, mkono unachoka mbio. Mafuta hayakwami konani kama kabo.

Lakini tukumbuke fizika ya Pascal! Pistoni ya chini ikizidi ya juu mara 2 kwa eneo, nguvu inakuwa mara 2, mwendo unabaki nusu. Fundi asiyepima, ambreyaje yake haiachi, vitesi vinalia. Ao mnasemaje, ninyi wa fizika? Na mwenye kukaa mbali na mji achunge kabo ya zamani na mpini wake, juu mafuta yanaweza kuvuja njiani.