Likizo Si Zawadi ya Bwana Mkubwa

Ukipita maofisini hapa Nairobi hukosi kumkuta karani amesimama mlangoni kwa bwana mkubwa, fomu ya likizo mkononi, akikohoa kidogo ili aonekane. Juzi aliambiwa arudi Ijumaa. Ijumaa bwana mkubwa yumo mkutanoni. Kule nyumbani mahindi yamekauka yangoja kuvunwa, na mama watoto amekwisha uliza mara tatu. Hata chai ya saa nne, iliyokuwa ikimpoza mtu moyo, siku hizi yaja ya rangi.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa mfanyakazi likizo isiyopungua siku 21 za kazi, kwa mshahara kamili, kila baada ya miezi 12 ya utumishi mfululizo. Twajua ofisi haiwezi kuachwa tupu. Lakini kumpangia mtu zamu si kumzungusha. Twawaomba wakuu waitie sahihi karatasi ile, au wakatae mapema na kutaja tarehe nyingine, mtu apate kutuma habari kwao.

Wao wenyewe, tumeona, Desemba hawakosi kusafiri.