Dharau huzeesha mwili, Kasese isiipuuze

Tunapohesabu madhara ya ubaguzi huku Kasese na Bwera, magharibi mwa Uganda, tunahesabu ardhi, vyeo na makaburi. Mwaka 1962 wajumbe wa Wakonzo na Waamba walipotoka kwenye baraza la ufalme wa Toro, Rukurato, walilalamikia kunyimwa shule na kazi, na pia kuitwa nyani. Serikali zilizofuata zilijibu kwa mipaka na vyeo: mwaka 1974 Idi Amin aliunda wilaya ya Rwenzori, na mwaka 2009 ufalme wao wa Rwenzururu ukatambuliwa rasmi. Hayo yalikuwa ya haki, lakini hayakuligusa dhara linalobaki ndani ya aliyetukanwa. Kumdharau mtu kwa sababu ya alikozaliwa ni suala la afya, na wilaya ya Kasese inapaswa kulishughulikia hivyo.

Ushahidi wake upo. Mtu anapotishwa au kutwezwa, mwili humwaga homoni za kujihami. Moyo hupiga mbio na shinikizo la damu hupanda. Hali hiyo ikipita upesi haina neno. Ikijirudia kila siku, kazini, sokoni na ofisini, mishipa, moyo na kinga huchakaa kabla ya wakati. Mwaka 1992 mtafiti Arline Geronimus wa Marekani alitoa hoja kwamba wanawake weusi nchini humo wanachakaa mapema kwa namna hiyo. Mwaka 2014 David Chae na wenzake walipima telomea, yaani ncha zinazolinda kromosomu na ambazo hufupika kadiri tunavyozeeka, kwa wanaume weusi wa Marekani. Zilizokuwa fupi zaidi ni za wale waliobaguliwa sana na ambao pia, bila kujitambua, walikuwa wameanza kuwaona watu weusi wenzao kuwa duni. Tusi linalomezwa likaaminiwa hudhuru zaidi.

Wapo watakaosema hiyo ni damu tu, watu weusi wameumbwa hivyo. Utafiti wa Richard David na James Collins, uliochapishwa mwaka 1997, unawajibu. Katika jimbo la Illinois, watoto wa akina mama weusi waliozaliwa Afrika walizaliwa na uzito wa wastani wa gramu 3,333, karibu na gramu 3,446 za watoto wa Wazungu. Watoto wa akina mama weusi waliozaliwa Marekani walikuwa na gramu 3,089. Kama damu ndiyo ingekuwa sababu, wa kwetu ndio wangekuwa wepesi zaidi. Wengine watasema ni umaskini. Umaskini unaumiza kweli, lakini Geronimus alipopima uchakavu wa mwili mwaka 2006, wanawake weusi maskini waliongoza, na waliowafuata walikuwa wanawake weusi wasio maskini. Fedha haikutosha kuwakinga.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba hayo ni ya Marekani, na kwamba huku tuna ukabila, si ubaguzi wa rangi. Lakini moyo haumuulizi anayetukana rangi yake. Kinachouchosha ni kujua kwamba huwezi kuacha kuwa ulivyozaliwa, na kwamba dharau itakungoja tena kesho. Hilo linamhusu Mkonzo aliyeitwa nyani, na linawahusu vilevile Msongora na Mnyabindi wanaoambiwa leo kwamba Kasese si kwao. Aliyedharauliwa jana hana ruhusa ya kudharau leo.

Malaria na mafuriko ya mto Nyamwamba yataendelea kudai fedha, na yanastahili kupewa. Kukomesha matusi hakuhitaji bajeti kubwa. Redio zetu zimkatize mzungumzaji anayetukana kabila. Wahudumu katika hospitali za Bwera na Kagando wampokee kila mgonjwa kwa heshima ileile, awe Mkonzo, Msongora au mtu aliyevuka mpaka wa Mpondwe kutoka Kongo, na wampime presha hata kama bado ni kijana. Na mwanasiasa anayeomba kura kwa kuwachafua jirani zetu tumnyime kura, kwa kuwa anahatarisha maisha ya watu.