Tusiibebeshe Qadar Mzigo wa Uzembe Wetu

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu Waislamu, imekuwa ada kwetu kwamba pikipiki ikigonga, neno la kwanza kusemwa ni kuwa hiyo ni qadar. Neno hilo ni la haki, kwani kuamini qadar ni nguzo ya imani. Lakini mara nyingi hukusudiwa batili, yaani kumfunika dereva aliyeshika usukani kwa mkono mmoja na simu kwa mkono wa pili.

Chole yetu ni kisiwa cha miguu na baiskeli. Mwenye mgonjwa au shughuli ya Kilindoni huvuka kwa mashua hadi Utende, kisha hupanda bodaboda au gari. Tangu apande hadi ashuke, uhai wake ni amana mikononi mwa mwingine. Nasi twaona nini? Kijana ameichomeka simu ndani ya kofia yake, anabishania bei ya samaki, na nyuma yake amekaa mama na mtoto mchanga!

Anayekwenda kilomita 60 kwa saa hupita takriban mita 17 kila sekunde. Akiinamia simu kwa sekunde 3 tu, amekwenda mita 50 kama kipofu. Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa atumiaye simu akiendesha hukaribia ajali takriban mara 4 zaidi ya asiyetumia, na kwamba vifaa vya masikioni haviondoi hatari hiyo, kwani kinachoshughulishwa ni akili, si mkono pekee. Aya ya 4 ya Suratul-Ahzab, ingawa ilishuka kwa sababu nyingine, yatukumbusha kuwa Allah hakumwekea mtu nyoyo mbili kifuani.

Wanaodhani kuwa haya ni mambo ya trafiki tu, si ya dini, na wasikie. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 8 huko Brunei, Juni 1993, liliamua kwa azimio nambari 71 kuwa kufuata kanuni za barabarani zisizokhalifu sharia ni wajibu wa kisharia, na kuwa dereva ana dhamana ya madhara anayoyasababisha. Miongoni mwa wanaosamehewa ni aliyefikwa na nguvu asiyoweza kuizuia. Je, simu ni nguvu isiyozuilika? Nani ameshindwa kuiacha mfukoni?

Na akifa mtu? Aya ya 92 ya Suratun-Nisaa imeweka wazi hukumu ya kuua kwa kukosea: diya kwa warithi, na kafara ya kuacha huru mtumwa, asiyeweza hufunga miezi miwili mfululizo. Warithi wana haki ya kusamehe diya. Kafara ni haki ya Allah, hakuna binadamu wa kuisamehe. Lakini sisi hukusanyika kwenye hitima, tukala, tukatawanyika, wala hakuna amwulizaye dereva kama ameanza kufunga!

Wengine hufunga hirizi kwenye pikipiki, wakaitegemea karatasi, ilhali macho waliyopewa na Mola wao yako kwenye simu. Mtume (S.A.W.) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ategemee. Huko ndiko kutawakali.

Wala isidhaniwe kuwa maneno haya ni ya vijana wa bodaboda pekee. Mhubiri anayejibu maswali ya dini huku akiendesha gari yumo. Nahodha anayesoma ujumbe huku mkono uko kwenye usukani wa mashua yumo. Na anayempigia dereva mara tatu kumwuliza amefika wapi, naye ameshiriki.

Basi dereva na azime simu kabla ya kuondoka, kama tunavyoizima kabla ya takbira. Ikimlazimu kuzungumza, asimame pembeni. Abiria na amkataze kwa upole. Asiposikia, ateremke, kwani kunyamazia munkari si adabu. Na maimamu wetu waliseme hili juu ya mimbari, kabla hatujaitwa kulisema kaburini.

Wabillahi tawfiq.