Nani Aliyemgeuza Mkulima Kuwa Mhalifu?

Maana za maneno hazishuki kutoka mbinguni. Mara nyingi huamuliwa na wale wenye nguvu. Tulitazame neno la Kilatini "villa". Warumi waliliita hivyo jumba la shambani pamoja na mashamba yake. Katika neno hilo, kwa njia ya Kifaransa, Waingereza walipata "village", yaani kijiji, na "villain", ambalo asili yake ni mtu wa shamba tu, basi.

Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, mtu huyo alifungwa katika ardhi ya kabaila. Hakuruhusiwa kuhama bila idhini. Katika hesabu kubwa ya mali iliyofanywa mwaka 1086, tabaka lake ndilo lililokuwa na watu wengi kuliko yote. Lakini leo "villa" ni nyumba ya starehe, na "villain" ni mhalifu, yule mwovu wa kwenye sinema. Jumba limepandishwa cheo. Aliyelima mashamba yake ameshushwa. Wala hayuko peke yake. "Savage", yaani mshenzi, hapo asili ni mtu wa msituni, na "urbane", mwenye adabu za kupendeza, ni mtu wa mjini. Hatuna haja ya kuuliza nani walioishika kalamu.

Hata "ease", yaani raha, katika Kifaransa cha kale lilimaanisha pia nafasi ya kujinyoosha. Nasi husema fulani "ana nafasi" tukiwa na maana kwamba hali yake ni nzuri. Na walimu wajue kwamba "school" limetokana na neno la Kiyunani lenye maana ya wasaa, muda usio wa kazi. Wasaa huo walikuwa nao waungwana; kazi nyingi za sulubu zilifanywa na watumwa. Neno hilo hilo ndilo tulilolipokea kwa Wajerumani likawa "shule", na kwa Waingereza likawa "skuli" kule Zanzibar.

Lakini tusiharakishe kuwacheka Waingereza, maana sisi tunalo neno "mshamba". Mzee aliyetoka kijijini akikosea dirisha ofisini, karani humwita hivyo, na mshahara wa karani huyo unatokana na kodi ambayo mzee naye huilipa kila anunuapo sukari. Mwalimu anayemtupia mtoto neno hilo kwa sababu ya lafudhi yake hasahihishi Kiswahili. Anamfundisha kumwonea haya baba yake, ambaye saa hiyo hiyo ameinama na jembe.