UCHANGANUZI: Michezo ya 'bure' mtandaoni na bei isiyotajwa

WAHENGA walisema rahisi ni ghali. Kauli hiyo imedhihirika katika biashara ya michezo ya video mtandaoni, ambapo mamilioni ya watu hupakua mchezo bila kulipa hata senti, kisha baadhi yao wakajikuta wametumia pesa nyingi kuliko ambazo wangetumia kununua mchezo kamili dukani.

Kwa muda mrefu malalamiko ya wachezaji kuhusu mtindo huu yalichukuliwa kuwa kelele za vijana wasio na shughuli. Lakini tangu 2018, serikali na mahakama za mataifa kadhaa zimelazimika kuyashughulikia. Yaliyojiri huko yanaonyesha kuwa kinachowaudhi wengi si kulipishwa, bali ni kutojua wanalipa kiasi gani, na kwa kitu gani.

Mtindo wenyewe ulishika kasi nchini Korea Kusini mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambapo kampuni kama vile Nexon zilianza kufungua milango ya michezo yao bila ada na kuuza vifaa, mavazi na nguvu za ziada humo ndani. Simu za kisasa zilipoenea, utaratibu huo ulisambaa kote duniani.

Hesabu yake ni nyepesi kueleweka. Wachezaji wengi hawalipi chochote. Kundi dogo hulipa kidogo, na kundi dogo zaidi hulipa pesa nyingi mno. Katika biashara hiyo, watu wa kundi hili la mwisho huitwa nyangumi, na ndio wanaobeba sehemu kubwa ya mapato. Kwa hivyo, mchezo husukwa kwa namna ya kuwatafuta nyangumi hao na kuwazuia wasiondoke. Mchovya asali hachovyi mara moja, na waundaji wa michezo wanalifahamu hilo vyema.

Mbinu ya kwanza ni kuchosha. Mchezaji hupiga hatua haraka siku za mwanzo, kisha mwendo ukapunguzwa makusudi. Jengo lililochukua dakika moja kukamilika sasa linachukua siku nzima, ila kwa anayelipa.

Mbinu ya pili ni sarafu za mchezo. Bei haitajwi kwa shilingi wala dola, bali kwa vito, almasi au alama zilizobuniwa na kampuni. Tuseme vazi la mhusika linauzwa kwa sarafu 1,200, ilhali sarafu zenyewe zinauzwa kwa mafungu ya 1,000. Mnunuzi hulazimika kuchukua mafungu mawili na kubakia na sarafu 800 asizoweza kuzirudisha. Masalio hayo hayatoshi kununua vazi jingine kama lile, lakini yanatosha kumshawishi aongeze fungu la tatu. Kufikia hapo, ni wachache wanaoweza kusema kwa hakika vazi lile liliwagharimu pesa ngapi.

Mbinu ya tatu, na ndiyo iliyozua mvutano mkubwa zaidi, ni kisanduku cha bahati. Mchezaji hulipa kwanza, kisha akafungua kisanduku kuona alichopata. Huenda akapata mchezaji nyota wa soka wa kuimarisha timu yake, au akapata takataka. Ni sawa na kuuziwa mbuzi kwenye gunia, tofauti ikiwa kwamba hapa muuzaji anajua vizuri kilichomo.

Hasira za wachezaji zilifurika Novemba 2017, wakati kampuni ya Electronic Arts ya Marekani ilipokuwa ikijiandaa kuzindua Star Wars Battlefront II. Mchezo huo haukuwa wa bure. Hata hivyo, ulikuwa umebeba ndani yake utaratibu wa michezo ya bure, kiasi kwamba waliokwisha kuununua walihitaji kucheza saa nyingi ili kufunguliwa mashujaa maarufu kama Darth Vader, au wajaribu bahati kwa kulipia visanduku. Malalamiko yalikuwa makali hivi kwamba kampuni ilipunguza gharama ya mashujaa hao kwa asilimia 75, na kusimamisha mauzo ya ndani ya mchezo siku moja kabla ya uzinduzi.

Kisa hicho kiliziamsha serikali. Aprili 2018, Tume ya Kamari ya Ubelgiji ilitangaza kwamba visanduku vya kulipia katika FIFA 18, Overwatch na Counter-Strike: Global Offensive vilikiuka sheria ya kamari. Adhabu iliyotajwa ilikuwa faini ya hadi Yuro 800,000 na kifungo cha hadi miaka mitano. Mwanzoni mwa 2019, Electronic Arts iliacha kuuza alama za FIFA nchini humo.

Wengi walidhani dawa imepatikana. Lakini utafiti wa msomi Leon Xiao, uliochapishwa 2023, ulibaini kuwa 82 kati ya michezo 100 ya simu za iPhone iliyoingiza pesa nyingi zaidi Ubelgiji bado ilikuwa ikiuza bahati. Marufuku ilikuwepo, ila msimamizi wa kuitekeleza hakuonekana.

Nchini Uholanzi mambo yaligonga mwamba mahakamani. Mamlaka ya kamari ilikuwa imeipiga Electronic Arts faini ya Yuro milioni 10, na mahakama ya chini ikaiunga mkono 2020. Machi 2022, mahakama ya juu ya masuala ya utawala iliifuta faini hiyo. Majaji walisema vifurushi vya wachezaji havikuwa mchezo wa kujitegemea, bali sehemu ya mchezo mpana wa soka unaotegemea ustadi, na hivyo haviwezi kuitwa kamari.

Hapa ndipo ugumu ulipo. Sheria za kamari ziliandikwa zikilenga pesa inayoingia na pesa inayotoka. Katika visanduku hivi, pesa huingia lakini kinachotoka ni picha ya vazi au ya mwanasoka. Wakili mwerevu hupata mwanya mpana wa kupenya.

Marekani ilifuata njia nyingine. Badala ya kubishana kuhusu maana ya kamari, Tume ya Shirikisho ya Biashara, FTC, iliuliza swali jepesi: Je, mnunuzi alikubali kulipa? Desemba 2022, kampuni ya Epic Games, wamiliki wa Fortnite, ilikubali kulipa jumla ya dola milioni 520, takriban Sh64 bilioni wakati huo. Kati ya hizo, dola milioni 275 zilihusu ukiukaji wa sheria ya faragha ya watoto, na dola milioni 245 zilitengwa ili kuwarudishia wachezaji pesa zao.

Madai ya tume hiyo yanafaa kusomwa na kila mzazi. Ilisema vitufe vilipangwa kwa namna ambayo mtu aliweza kutozwa kwa kubonyeza mara moja tu, hata alipokuwa akitazama bidhaa bila nia ya kununua. Hadi 2018, watoto waliweza kununua sarafu za mchezo bila idhini ya mwenye kadi. Na waliopinga malipo kupitia kampuni za kadi zao walifungiwa akaunti, wakapoteza hata vile walivyonunua kwa hiari. Desemba 2024, zaidi ya wachezaji 600,000 walianza kutumiwa marejesho ya awali ya dola milioni 72.

Korea Kusini nayo ilifichua jambo zito zaidi. Januari 2024, tume ya ushindani wa kibiashara iliitoza Nexon faini ya zaidi ya won bilioni 11 kwa kubadilisha kisiri uwezekano wa kushinda katika mchezo wa MapleStory. Baadhi ya zawadi zilizotamaniwa sana ziliondolewa kabisa, huku wachezaji wakiendelea kulipa miaka nenda miaka rudi wakizingoja. Machi mwaka huo, sheria ya kulazimisha kampuni kutangaza uwezekano huo ilianza kutekelezwa.

Kwa upande wao, watetezi wa mtindo huu wana hoja isiyofaa kupuuzwa. Kuunda mchezo na kuendesha mitambo yake hugharimu pesa nyingi, na aliyelipa ndiye anayemwezesha asiyelipa kucheza. Kijana wa Mathare asiye na uwezo wa kununua mchezo wa dola 60 hucheza bega kwa bega na mwenzake wa London. Kuufuta mtindo wote kungemfungia mlango kijana huyo kwanza.

Lakini hoja hiyo haihalalishi giza. Muuza nyanya sokoni hutaja bei kabla ya mnunuzi kutoa pesa, na biashara yake haifi. Katika makubaliano yaliyotangazwa Januari 2025, FTC iliitaka kampuni inayouza mchezo wa Genshin Impact nchini humo ilipe dola milioni 20, iweke wazi thamani ya sarafu zake, iruhusu visanduku kununuliwa kwa pesa halisi, na isiwauzie walio chini ya umri wa miaka 16 bila idhini ya mzazi. Machi 2025, mamlaka za ulinzi wa wanunuzi barani Ulaya zilitoa kanuni zinazofanana na hizo, zikitaka bei itajwe pia kwa pesa za kawaida.

Suala hili haliko mbali na Kenya. Simu ya mzazi ndiyo uwanja wa kuchezea wa watoto wengi, na bidhaa za duka la Google Play zinaweza kulipiwa kwa M-Pesa. Mwaka wa 2025, taifa lilipata Sheria ya Kudhibiti Kamari, iliyochukua nafasi ya ile ya 1966. Hata hivyo, kisa cha Uholanzi kinaonya kwamba kutegemea sheria ya kamari pekee ni kujenga juu ya mchanga.

Silaha iliyo imara zaidi tayari imo katika Katiba. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili kunufaika kikamilifu na bidhaa au huduma, na Sheria ya Kulinda Wanunuzi ya 2012 inapiga marufuku biashara ya hadaa. Bei inayofichwa nyuma ya vito na almasi, na uwezekano wa kushinda usiotajwa, ni habari anazonyimwa mnunuzi.

Wadau watakapoketi kuandika kanuni, wasianze kwa kuuliza kama visanduku hivi ni kamari. Waanze kwa kuuliza kama mtoto wa miaka 12, au mama yake aliyempa simu, anaweza kusema kwa shilingi ni kiasi gani kitatoka kabla ya kitufe kubonyezwa. Iwapo jibu ni la, basi mchezo huo haukuwa wa bure tangu mwanzo.