Selimundu haigawi watoto kwa zamu

Wazazi wawili wabebaji wa kinasaba cha selimundu wakiambiwa kwamba uwezekano wa kupata mtoto mgonjwa ni mmoja kati ya wanne, wengi husikia mgao: tukizaa wanne, ataugua mmoja tu. Mimi ni mwalimu wa hisabati hapa Mwanza, na nimeona jinsi uelewa huo unavyoumiza familia.

Kifungua mimba wa dada yangu alipogundulika ana selimundu, wazee walimfariji kuwa fungu baya limekwisha. Mtoto wa pili naye akaanza kuvimba vidole. Hapo faraja ikageuka lawama, na wakwe wakasema damu ya dada ndiyo mbaya.

Hesabu inawakanusha wote. Mzazi mbebaji, yaani mwenye AS, ana nakala mbili za kinasaba hicho, moja nzima (A) na moja yenye kasoro (S), na humrithisha mtoto moja tu. Uwezekano wa kumpa ile yenye kasoro ni nusu. Mtoto huugua akiipokea kwa baba na kwa mama pia: nusu mara nusu, robo. Hesabu hiyo huanza upya katika kila mimba. Watoto wawili wa kwanza kuugua wote ni uwezekano wa 1 kati ya 16. Hakuna laana hapo. Na wazazi kama hao wakizaa wanne, uwezekano wa wote kusalimika ni kama 32 kwa mia tu. Tena, kwa kuwa SS, yaani nakala mbili zenye kasoro, haiji bila mchango wa baba, kumlaumu mama peke yake ni dhuluma.

Kanda ya Ziwa, takribani mtu mmoja kati ya watano ni mbebaji, kwa sababu AS humkinga mtoto dhidi ya malaria kali, jambo ambalo Anthony Allison alilionyesha mwaka 1954. Watu wakioana bila kujua hali zao, ndoa moja kati ya 25 itawakutanisha wabebaji wawili. Zidisha kwa robo: mtoto mmoja mgonjwa katika kila mia.

Sisemi wabebaji wasioane. Nasema wapimwe mapema, hata katika majuma ambayo ndoa inatangazwa kanisani, ili mtoto wao apimwe akizaliwa na aanze dawa za penisilini na haidroksiyurea kwa wakati. Sisi walimu wa kidato cha nne, tunapofundisha uwezekano, tusiishie kwenye sarafu na dadu. Tuandike AA, AS na SS ubaoni, kwani wanafunzi wetu ni wazazi wa kesho. Na wauguzi wa kliniki wasiseme tu "mmoja kati ya wanne". Waseme "robo katika kila mimba", na waseme hivyo baba akiwepo.